Msituongezee somo, badilisheni maswali

Kila mwaka matokeo ya fomu foo yakitoka kunakuwa na wiki nzima ya kelele mtandaoni. Watu wanatupiana picha za magazijuto na Pythagoras, wanaandika tumesoma haya mambo miaka minne hayajawahi kutusaidia hata siku moja, kwanini hawakutufundisha kodi, kwanini hawakutufundisha mikopo, kwanini hawakutufundisha maisha, alafu mwishoni lazima atokee mtu na ushauri kwamba serikali ianzishe somo jipya la maisha, lianze darasa la kwanza mpaka fomu foo na mtihani uwepo. Laiki kibao.

Mi sikubaliani. Yani tatizo nalikubali ila dawa naikataa.

Kabla sijaendelea mjue anayeongea ni nani. Nimesomea ualimu, hesabu na jiografia, cheti kipo kwenye bahasha ya kaki, ajira zikitangazwa naomba na bado sijaitwa. Kwa sasa nina kibanda cha uwakala hapa Morogoro, natoa hela, naweka hela, nauza umeme na vocha, natoa kopi. Kibanda kipo njia ya kwenda sekondari ya kata, kwahiyo wateja wangu ni wanafunzi, wazazi wao, na waliomaliza pale pale miaka mitano sita iliyopita. Wote wananiita ticha. Na nikwambie ukweli, ukikaa hili dirisha siku nzima unaona vizuri sana elimu yetu inafika wapi na inakatikia wapi.

Tuanze na umeme kwasababu ndo ugomvi wangu wa kila mwanzo wa mwezi. Mtu anakuja na elfu kumi, namnunulia luku, meseji inaingia, anaangalia uniti, uso unabadilika. "Ticha, mwezi uliopita nilipata 28, leo 23, nyingine umepeleka wapi?" Mimi! Sasa meseji yenyewe imeeleza kila kitu, shida watu wanaisoma zile namba 20 za tokeni tu, zilizobaki wanaona takataka. Ukiisoma yote utakuta kuna hela imekatwa kama deni, ile ni kodi ya jengo, tangu 2021 inakatwa kwenye luku, ilianza buku kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida ikaja kupanda ikawa 1,500. Kwahiyo manunuzi ya kwanza ya mwezi elfu kumi yako ni 8,500. Alafu kwenye hiyo kuna VAT asilimia 18, kuna REA ya umeme vijijini asilimia 3, kuna EWURA wanaosimamia bei za nishati asilimia 1, jumla 22, ndo maana uniti ya shilingi 292 unaikuta imeshafika 356 na senti. Gawanya 8,500 kwa 356 uone kama hujapata 23 na pointi. Hiyo ni hesabu ya asilimia, ya shule ya msingi, mtu ameifanya ubaoni, ameifanya kwenye mtihani, na pengine aliipata. Ila hakuna siku hata moja mwalimu alimwandikia meseji ya luku ubaoni akamwambia haya, kokotoa.

Na fizikia nayo ni hivyo hivyo. Nyumba nyingi huku ni za kupanga, vyumba sita, mita moja, watu wanachangishana umeme sawa kwa sawa na kila mwezi ni matusi, huyu ana friji, yule ana pasi, mwingine ana taa moja na redio analalamika anawalipia wenzake. Sasa fizikia ya sekondari inafundisha kabisa wati, kilowati, saa, uniti ni nini. Pasi ya wati 1,000 ukiitumia nusu saa ni nusu uniti. Taa ya wati 10 ikiwaka masaa kumi usiku ni sehemu moja ya kumi ya uniti, yani taa inahitaji siku tano kula alichokula mwenye pasi asubuhi moja. Ukikaa na karatasi na kalamu mnagawana bila kukunjana. Kwenye nyumba niliyopanga mimi kuna vijana watatu wamefaulu fizikia na hakuna aliyewahi kuwaza kwamba ile hesabu ndo hii. Alafu kuna ishu ya uniti 75, mteja mdogo asiyezidisha hapo kwa mwezi uniti yake ni shilingi 100 kabla ya makato, lakini mkishakuwa vyumba sita kwenye mita moja hiyo bei mnaisikia tu kwa majirani. Fundi wa mita ya pili anagharimu, ndio, ila kaa upige hesabu ujue hela yako inarudi baada ya muda gani. Hakuna anayepiga.

Kwenye hela za simu ndo kuna vituko. Bibi anakuja, "Mwanangu nitolee elfu ishirini, namba ya siri ni elfu moja mia tisa hamsini na..." anaitaja kwa sauti, foleni nzima inasikia, namwambia bibi shikamoo, usinitajie, chukua simu bonyeza mwenyewe. Bibi namwelewa, macho hayaoni. Nisiowaelewa ni vijana. Kijana ana kidato cha nne na namba yake ya siri ni mwaka wake wa kuzaliwa, na hapo hapo amenipa kitambulisho nimtolee kopi. Hivi mnajua namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, na inaanza na mwaka? Kwahiyo umeweka kufuli alafu ufunguo umeuandika mlangoni. Kila ofisi uliyoacha kopi ina tarakimu nne za mwanzo. Na ile meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii" mpaka leo inakamata watu, kwasababu inamkuta mtu kweli alikuwa anataka kutuma kodi kwa mwenye nyumba, hapigi simu kuuliza, anatuma, alafu anakuja dirishani kwangu analia nimrudishie. Mi nitamrudishiaje?

Sasa twende kwenye mikopo, hapa ndo roho inaniuma.

Huku tunaita kausha damu, na jina halijakosewa. Wanapita na daftari, wanalenga mama wa genge, mama wa chapati, fundi nguo, bodaboda. Nikupe mfano wa hesabu wanayoitumia. Anakopa laki mbili, anaambiwa riba asilimia 20 tu, marejesho elfu nane kila siku kwa siku 30. Elfu nane anaiona ndogo, faida ya chapati inafika. Wanamkata elfu kumi ya fomu palepale, anaondoka na laki moja na tisini. Mwisho wa mwezi amerudisha laki mbili na arobaini. Ukimuuliza amelipa riba ngapi atakwambia ishirini. Kwanza sio ishirini, alipokea 190,000 akarudisha 240,000, hiyo elfu hamsini ni kama asilimia 26. Pili, na hapa ndo penyewe, hakukaa na ile hela mwezi mzima. Siku ya kwanza tu ameanza kurudisha, siku ya 15 ameshatoa laki na ishirini, kwahiyo ukichukua wastani hela aliyokuwa nayo mkononi mwezi ule ni kama elfu tisini na tano hivi, na ameilipia elfu hamsini. Nusu na zaidi! Kwa mwezi! Na akimaliza anaongezewa mkopo mwingine siku hiyo hiyo kwasababu ni mlipaji mzuri, akirudia hivyo mwaka mzima ameshatoa laki sita kulipia mtaji usiofika laki mbili.

Riba inafundishwa darasani wazee, tusidanganyane. Mtaji mara kiwango mara muda gawanya kwa mia, kila mtu aliyepita shule ya msingi anaikumbuka kama sala. Sekondari wanarudia tena, faida na hasara, riba, na kidato cha tatu kuna mada nzima ya mahesabu ya biashara ndani ya hisabati, leja na mizania. Shida ni Juma. Juma wa kwenye maswali kila siku anaweka hela benki. Juma aliweka shilingi 50,000 benki kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, baada ya miaka mitatu atakuwa na shilingi ngapi. Maisha yake yote Juma anaweka tu, hajawahi kukopa, hajawahi kukatwa hela ya fomu, hajawahi kulipa marejesho ya kila siku, mtaani kwetu sijawahi kumuona mtu wa namna ya Juma. Mpe Juma mkopo wa kausha damu kwenye swali namba nane la mtihani wa taifa uone kama walimu hawatafundisha nchi nzima mwaka unaofuata. Hakuna somo jipya hapo, hakuna kitabu kipya, mada ile ile, ukurasa ule ule.

Na mikopo ya kwenye simu ni hivyo hivyo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha watu bila leseni. 69! Nyingine ukiiweka inakuomba ruhusa ya kuona namba zote kwenye simu yako, unabonyeza ndio ndio ndio bila kusoma, ukichelewa kulipa siku mbili shemeji yako, bosi wako, mpaka mchungaji wanapata meseji kwamba wewe ni mdaiwa. Kusoma kabla ya kukubali nako kungeweza kuwa ufahamu kabisa. Kiswahili kina ufahamu kila mtihani, ni kifungu cha habari na maswali. Kwanini kifungu kisiwe masharti ya mkopo? Au mkataba wa kupanga chumba? Sisi tulifundishwa kuandika simu ya maandishi, ile ya kubana maneno, na mi sijawahi kumuona mtu anaenda kuituma. Kadi za mwaliko, hotuba, risala, sawa, lakini mtu anamaliza hajawahi kushika mkataba hata mmoja. Anakuja mjini, dalali anamdai hela ya mwezi mmoja, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, anapewa karatasi asaini, anasaini. Choo kikiziba nani anatengeneza? Akihama mwezi wa tatu anarudishiwa? Hajui, na karatasi ilikuwa imeandika.

Najua kuna mtu ataniambia mbona tulishakuwa na elimu ya kujitegemea. Ndio, na ile fikra ilikuwa kubwa, sio mchezo. Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, akasema shule ya msingi ijitosheleze yenyewe, isiwe njia tu ya kupeleka wachache sekondari, na kila shule iwe na shamba au karakana ijihudumie. Baadaye sekondari zikawa na michepuo, kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Maza wangu alisoma sayansi kimu na mpaka leo hajawahi kunipeleka kwa fundi kupunguza suruali, bajeti ya mwezi anaiandika kwenye daftari lenye mistari mitatu. Ila tuseme ukweli wa kilichokuja kutokea shule nyingi. Shamba la shule likawa adhabu. Ukichelewa, jembe. Ukiongea Kiswahili kwenye eneo la Kiingereza, jembe. Sisi tumeteka maji, tumefagia, tumebeba kuni za walimu, tumelima mahindi ambayo hatukuona yameuzwa bei gani, na hilo ndo kosa lenyewe, kwasababu somo la kilimo halikuwa kwenye jembe, lilikuwa kwenye kujua mbegu ni shilingi ngapi, gunia ni shilingi ngapi, tumepata faida au hasara. Kulima watoto wa kijijini walikuwa wanajua kuliko mwalimu.

Alafu ikaja Stadi za Kazi. Kupika, kufuma, kufinyanga, kufua. Somo zuri kwenye karatasi. Darasa lina watoto mia na ushee, hakuna jiko, hakuna sufuria, hakuna unga, mwalimu anachora jiko ubaoni watoto wananakili jiko. Baadaye likabanwa pamoja na Maarifa ya Jamii kwenye karatasi moja ya mtihani wa darasa la saba, maswali mengi ni ya kuchagua herufi. Mtoto anapika wali kwa kusiliba kiduara. Na tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wameongezeka mno, jambo jema kabisa, lakini sasa huyo mwalimu ukimuongezea somo lingine linalotaka vifaa unamwambia nini? Atachora tu.

Majirani zetu Kenya walishapita hii njia. Mfumo wao wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza 1985 walijaza kila kitu shule ya msingi, sayansi kimu, kilimo, sanaa, ufundi, biashara, mtoto anabeba begi kubwa kuliko yeye, wazazi wananunua vifaa, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikabidi wapunguze masomo. Wakaja na CBC, mtaala wa umahiri, wazo zuri tena, na wazazi wakaanza kulia wako macho usiku wanatengeneza midoli na kutafuta pa kuprinti picha. Kazi ya vitendo ikihamia kwa mzazi, mtoto wa mwenye hela anapata alama na mtoto wa mama wa genge anapata aibu.

Huku kwetu mtaala mpya umeanza Januari 2024, sekondari ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na somo la biashara limekuwa la lazima. Napongeza, kwa moyo wote. Ila watu wanachanganya mambo mawili. Amali ni ufundi, kuchomelea, umeme, ushonaji, inakupa kazi. Ninachosema mimi ni kingine. Fundi kuchomelea aliyeiva kabisa anaweza kusaini mkataba wa geti la milioni mbili bila kuandika malipo ya awali ni shilingi ngapi, na akadhulumiwa, akaja kwangu kukopa nauli. Dogo mmoja hapa mtaani ni mlinzi, salari slipu yake inaonyesha anakatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kila mwezi, nikamuuliza ulishawahi kuangalia kama mwajiri anapeleka, na ile kumi ya upande wa mwajiri ipo? Akaniambia ticha, kumbe inaangaliwa? Tukaangalia. Haikuwa imepelekwa miezi kibao. Sasa anafuatilia.

Na naomba tusirudi kwenye kusema stadi za maisha ni wasichana wajue kupika. Wavulana nao wanakula. Ila kupika mtu atajifunza tu, njaa ni mwalimu mkali. Vitu ambavyo njaa haikufundishi ndo vya kupeleka darasani. Mfano dawa. Kibahasha kimeandikwa 1x3, mtu anameza asubuhi, mchana, jioni saa kumi na mbili, alafu usiku kucha hamezi tena mpaka kesho. Kwa dawa nyingi ni kila baada ya masaa nane, 24 gawanya kwa 3, hesabu ya watoto. Mtoto akiharisha na paketi ya dukani hamna, maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko, vijiko vya kusawazisha sio vya kilima. Uwiano huo, mada ipo. Mtungi wa gesi, siku hizi kila nyumba ina ule mdogo wa kilo sita, ukihisi unavuja unapaka povu la sabuni kwenye regyuleta na mpira, ukiona mapovu yanavimba funga, fungua madirisha, usiwashe hata swichi ya taa. Kemia ya gesi inafundishwa, tena kwa Kiingereza, mtoto anakariri bila kujua kwamba anasoma kuhusu jiko la mama yake. Hilo la lugha nikilianza leo hatumalizi.

Kwahiyo ombi langu kwa wanaotunga mitihani, maana wao ndo wenye nguvu kuliko waziri. Walimu wetu wanafundisha kinachotoka, nimekaa ofisi za walimu wakati wa mazoezi ya kufundisha nimeona, maswali ya miaka iliyopita yamechapwa na kubandikwa ukutani. Swali moja la luku. Swali moja la mkopo wenye hela ya fomu. Ufahamu mmoja wa mkataba wa chumba. Mwanzo mwisho. Haihitaji jiko, haihitaji karakana, vifaa vyake vinatupwa chini hapa mbele ya kibanda changu kila siku, risiti, vibahasha vya dawa, vikaratasi vya tokeni.

Nimeanza mwenyewe kidogo kidogo, sio mradi wala nini. Jumamosi jioni madogo wa fomu tuu na fomu thrii wanakaa kwenye benchi hapa kusubiri mpira uanze kwenye kibanda umiza cha jirani, ndo nawapa swali moja, atakayepata namlipia kiingilio, jero tu. Luku tumemaliza. Kausha damu tumefanya, binti mmoja akaondoka na ile karatasi, kesho yake mama yake kaja na daftari lake la marejesho tumpigie hesabu, na yeye kaleta mwenzake. Wanaume wazima nao wameanza kusogea, wanajifanya wanasubiri kutoa hela.

Wiki hii nataka tufanye mkataba wa kupanga na sina mifano ya kutosha, niliyonayo ni wa kwangu tu na una kurasa moja na nusu, nusu yake imefutika. Mwenye mkataba wa zamani wa chumba au fremu, wowote, hata ule uliokutia hasara, piga picha, futa majina, namba za simu na sahihi, nitumie. Na kama kuna mwanasheria anasoma hapa na anajua kuelezea kwa lugha ya kawaida, benchi lina nafasi. Jumamosi, kuanzia saa kumi na moja.